Kitanda cha Kuazima

Benta alijua. Asije mtu akasema hakujua. Dani yake, yaani nyanya aliyemlea kule Siaya, alimwambia tangu utotoni kwamba kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla wenyewe hawajakaa chini wakakigawa kwa mikono yao, awe marehemu ni mzee wa ndevu au mtoto wa shule. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na wiki hiyo Benta maji yalikuwa yamemfika puani.

Kisa kilikuwa Willis Odera, baba ya Jaki. Walipoachana, Willis alihamia mtaa wa Tena, mwendo wa miguu tu kutoka Umoja, na huko akaoa mke mwingine na kununua makochi. Lakini kila Jumapili alirudi Umoja akasimama kwenye geti la ploti alimopanga Benta, mfuko wa ndizi mkononi, akiomba amwone mtoto. Benta alikuwa ameshamwagiza Muoki, keateka anayetunza ploti na geti lake, kwamba mtu huyo asipite. Aliyeondoka kwa miguu yake, arudi kutafuta nini? Muoki hapendi ugomvi, kwa hiyo alisema neno moja tu: "Hayuko." Alilisema huku Jaki akisikika waziwazi akiimba kule juu orofani, na Willis akaendelea kusimama pale akisikiliza mpaka wimbo uishe. Kisha alimwachia Muoki ndizi, akaenda zake. Muoki alizila bila haya.

Halafu siku moja mtu wa korti akamjia Benta kibandani, mahali anapofumia sweta za shule kwa mashine. Akahakikisha jina lake mara mbili. "Karatasi hizi lazima nikupe mkononi, mama. Si kwa jirani, si chini ya mlango. Halafu tia sahihi hapa." Willis alikuwa anataka mtoto. Alikuwa ameapa kwamba ananyimwa kumwona, na kwamba Jaki, msichana wa miaka sita, hana hata pa kulalia, analala na mamake kitanda kimoja kama wageni wa matanga. La kitanda lilikuwa kweli. La kunyimwa pia lilikuwa kweli, ila hilo Benta hakutaka kuliangalia usoni.

Wakapelekwa kwanza kwa mpatanishi, mzee mpole aliyewauliza kama hawawezi kugawana siku. "Mtoto si mkate," Benta alimjibu. "Hakatwi vipande." Mzee akafunga faili. Hakimu naye akasema haamui lolote mpaka afisa wa watoto atembelee nyumba zote mbili, aone mtoto anakula nini, analala wapi na anaishi na nani. Ndio utaratibu. Na afisa angeanza na Umoja.

Basi kitanda kingetoka wapi? Ploti za Umoja zina desturi yao. Wakwe wakija, mtu ataazima vikombe kwa huyu, vitambaa vya makochi kwa yule, na makochi yenyewe yatapandishwa ngazi asubuhi na kushushwa jioni, na mgeni ataenda kwao akisifu nyumba. Hakuna anayeona aibu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema waungwana, lakini waungwana hao hawajawahi kupelekwa kortini na Willis Odera.

Ploti nzima kitanda cha mtoto kilichokuwa hakilaliwi kilikuwa kimoja tu. Kilikuwa chini, kwa Wacera, mama anayeuza supu ya kichwa pale soko la Burma. Binti yake wa pekee, Sally, alishikwa na homa masika yaliyopita. Alitoka asubuhi akitembea, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Baada ya mazishi Wacera alifunga chumba cha mtoto kwa kufuli na akawa analala kwenye kochi. Watu wa ploti nao, kwa huruma, waliacha kumwita Mama Sally. Walimwita Wacera tu, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa, na walidhani wanamsaidia.

Benta alibisha, akaeleza, akilamba midomo. Wacera alimsikiliza mpaka mwisho.

"Chukua," alisema. "Na godoro lake."

"Nitarudisha, dadangu. Haki ya Mungu."

"Najua utarudisha." Akamkabidhi ufunguo, akarudi jikoni. Hakutaka kuona.

Kilikuwa kitanda cha chuma, rangi ya waridi, kichwani kimebandikwa picha za vipepeo ambazo ukucha wa mtoto ulikuwa umejaribu kuzibandua. Muoki alishika upande mmoja, Benta mwingine. Katikati ya ngazi Muoki akasimama, jasho linamtoka.

"Mama Jaki, hiki kitu kinalemea kwangu. Ni kama kuna mtu amekalia."

"Wewe Muoki! Beba, wacha maneno."

Akabeba.

Afisa wa watoto aliitwa Bi Khalayi, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, viatu vyekundu vilivyong'arishwa. Alikuja mchana, jua likiwa limejaa dirishani. Akaangalia unga, akaangalia choo, akabonyeza godoro la Jaki kwa kiganja na kuinamisha kichwa kwa kuridhika. Benta moyo ukatua. Kisha Bi Khalayi akamwomba atoke nje. Utaratibu ulitaka azungumze na mtoto bila mzazi kuwapo.

Benta akasimama kwenye ukumbi, sikio likiwa limenyooka mlangoni. Alisikia sauti ya Bi Khalayi, kisha ya Jaki. Kisha kimya kirefu, kisha Bi Khalayi akisema, "Na wewe je?" Alidhani anaulizwa Jaki.

Mlango ukafunguka. Bi Khalayi alikuwa anatabasamu.

"Watoto wako wana adabu, Mama Jaki."

"Asante, madam."

"Yule mkubwa hasemi sana. Lakini anamtunza mdogo wake. Nimeona akimfunga kamba za viatu." Akafungua kalamu. "Huyo pia ni wako? Kwenye faili nina mtoto mmoja."

Nyuma ya bega la Bi Khalayi mlango ulikuwa wazi nusu, na alimwona Jaki kwenye kitanda, peke yake, anabembeza miguu. Kamba za viatu vyake zilikuwa zimefungwa vifundo viwili vizuri vya kipepeo. Jaki alikuwa hajui kufunga kamba. Asubuhi hiyo Benta mwenyewe alizichomeka ndani tu, kwa haraka.

Sasa angesema nini? Akisema hakuna mtoto mwingine, ama afisa atamwona mwongo, ama afisa ataonekana kichaa, na afisa aliyeonekana kichaa haandiki ripoti nzuri. Mdomo ukajiamulia wenyewe.

"Ni wa jirani, madam. Wa hapo chini."

"Na analala hapa?"

"Mara moja moja."

"Ameniambia kitanda ni chake. Kwamba Jaki ndiye mgeni." Bi Khalayi akaandika. "Hakuna neno, ni vizuri watoto kuwa na wenzao. Ila kila anayelala chini ya dari moja na mtoto wa kesi lazima ajulikane. Mzazi wake aje siku ya kusikilizwa, athibitishe mbele ya hakimu. Bila hivyo ripoti yangu ina shimo, na wakili wa baba ataliona shimo hilo."

Akaenda, viatu vyekundu vikishuka ngazi. Benta aliingia ndani, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda. Kulikuwa na vumbi tu, na slipa moja ya Jaki.

"Unatafuta nini, mum?"

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na yule madam. Na Sally." Jaki alikuwa amekaa ukingoni kabisa, nusu ya tako hewani, na nafasi yote ya katikati ameiacha wazi. "Sally anasema viatu vya madam ni vizuri."

Jamani, Benta aliogopa. Akamnyakua mtoto, wakakaa kibandani mpaka jioni. Kama si kesi angekirudisha kitanda kile saa hiyohiyo, akikiburura yeye mwenyewe kwa meno. Lakini Bi Khalayi angeweza kurudi bila kupiga simu, maafisa hufanya hivyo, na angekuta mtoto hana pa kulala. Kitanda kikabaki. Na kila alipokitazama asubuhi, shuka ilikuwa imelaliwa pande mbili.

Wakati wa chakula Jaki alianza kudai kijiko cha pili. Benta alimpa bila kuuliza, maana alishaogopa majibu. Kisha Jumamosi moja, Benta akiwa anafua uani, mtoto alishuka ngazi akiwa amesukwa. Kichwa kizima kilikuwa na mistari, myembamba, imenyooka, kila mmoja umemalizika kwa uzi mweusi uliofungwa fundo. Benta anajua kufuma sweta, lakini kusuka hajui hata ukimwekea bunduki kichwani.

"Nani amekusuka, Jaki?"

"Unajua nani," mtoto alisema, na akaenda kucheza.

Siku ya korti ilikuwa inakaribia. Benta akamshika mtoto mkono wakaenda Burma, wakapita buchari na moshi wa nyama mpaka kwenye kibanda cha Wacera. Njia nzima alikuwa anapanga uongo wa kumwomba: sema ni mpwa wako, sema amerudi ushago, kijijini. Hakufika kuusema. Wacera aliinua macho kutoka kwenye sufuria, upawa ukasimama hewani, supu ikamwagikia makaa.

"Nani amemsuka huyu?"

Wacera akafuta mikono kwenye aproni, akaja, akainama, akashika mwisho wa msuko mmoja, pale penye uzi, akauzungusha kati ya vidole.

"Fundo hili nilimfundisha mimi," alisema. "Kwa sababu nywele za mwanasesere wake zilikuwa zinafumuka." Benta alingoja apige nduru, au amtukane, na alikuwa na haki ya yote mawili. Lakini Wacera alimtazama Jaki, akamuuliza kwa sauti ya mama yeyote aliyempeleka mtoto kwa watu:

"Anakula?"

"Anakula kidogo," Jaki alisema. "Maharagwe hataki."

"Hajawahi kuyataka," Wacera alisema, na akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mbele ya wateja, mpaka wateja wakageuza nyuso. Benta naye akalia. Kati ya machozi hayo akaeleza lile la afisa, la hakimu, la kuthibitisha.

"Nitakuja," Wacera alisema. "Usiniombe tena. Nitakuja."

Chumba cha korti ya watoto ni kidogo, hakina hata kizimba, watu hukaa kwenye viti karibu hivi kwamba unaweza kunusa sabuni ya mwenzako. Willis alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na mke mwingine. Bi Khalayi akasoma ripoti yake. Nyumba zote mbili ni safi. Mtoto anampenda mama. Mtoto anamuulizia baba. Halafu akaja kwenye mtoto wa pili, na Wacera akaitwa, akashika Biblia, akaapa.

"Wewe ndiye Mama Sally?" hakimu aliuliza, macho kwenye karatasi.

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Wacera aliufunga mkono wake kwenye ukingo wa meza.

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

Willis alitabasamu kidogo aliposikia jina. Alimkumbuka Sally, kile kitoto chenye maswali. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Angeambiwa na nani, na getini hapiti?

"Mtoto huyu aliyeonwa na afisa ni wako?"

"Ni wangu wa kuzaa."

"Mbona analala kwa jirani?"

"Nilimfungia mlango, mheshimiwa. Nilifunga chumba chake kwa kufuli kwa sababu ya uchungu wangu mwenyewe. Akaenda mahali ambapo mlango uko wazi. Simlaumu."

Hakimu alimtazama kwa muda, akadhani anaelewa. "Una cheti chake cha kuzaliwa?"

"Ninacho." Akakitoa kwenye pochi, kikaangaliwa, kikarudishwa. Alikuwa na cheti kingine pia kwenye pochi hiyohiyo, kipya zaidi, lakini hakuulizwa. Benta alikuwa anatazama sakafu. Mwanamke yule alikuwa ameapa mbele ya Mungu na hakuna neno hata moja la uongo alilosema.

Uamuzi ukatoka. Jaki angekaa na mamake. Baba angemchukua wikendi moja aache moja, na nusu ya likizo. Benta alisikia "akae na mamake" na mengine yakampita kama upepo. Nje kwenye ukumbi Willis alimsogelea.

"Asante, Benta."

"Ya nini? Si mimi niliyekupa. Ni korti."

"Najua," Willis alisema.

Benta alifuma usiku na mchana akanunua kitanda kipya kwa mafundi wa kando ya barabara ya Outer Ring, na mchana wa Jumamosi akamwita Muoki wakishushe kile cha waridi. Muoki alikiinua, akashangaa, akakiinua tena kwa mkono mmoja.

"Leo ni chepesi," alisema. Benta akajifanya hakusikia.

Chini, Wacera alikuwa amefungua chumba. Alikuwa amefua pazia, amesugua sakafu kwa dawa ya Jik mpaka macho yanawasha, na mezani ameweka chapati, supu, na sahani mbili ndogo. Kitanda kikawekwa mahali pake, miguu ikaingia kwenye alama zake za zamani sakafuni. Wacera akangoja. Akaangalia mlangoni, akaangalia ngazi, kisha akamwangalia Jaki.

"Na yeye?"

"Amebaki juu," Jaki alisema. "Hapa palifungwa. Anasema atakuja nikija mimi."

Wacera aligeuka kwa Benta. Uso wake ulikuwa umejaa matumaini mpaka ulitisha. "Mama Jaki, nigawie siku. Mimi sikukukatalia kitu. Nigawie siku moja tu kwa wiki."

Na Benta, aliyekuwa ameshinda kesi, alisikia mdomo wake ukisema, "Mtoto si mkate, Wacera." Akamshika Jaki mkono, wakapanda.

Tangu siku hiyo, kila jioni, Wacera alisimama chini ya ngazi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Hakupanda, hakuita, hakugombana na mtu. Juu, Jaki aliimba, na Benta alisikia, au alidhani anasikia, sauti ya pili ikishika wimbo kwa chini. Wacera alikuwa anasikia pia. Alisimama mpaka wimbo uishe, kisha akarudi kwake na bakuli lake.

Muoki ndiye aliyelisema. Alikuja mlangoni akijikuna shingo. "Mama Jaki, yule mama hapo chini. Nimwambie hamuko?"

Benta aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alimfukuza Muoki, akakaa juu ya kitanda kipya, akafikiria ndizi zote zile. Akashuka.

"Ijumaa, Mama Sally," alisema. Lilikuwa jina alilostahili. "Nitamleta saa kumi. Saa moja nitamchukua."

Wacera alimshika mikono yote miwili.

Ijumaa ikafika. Jaki aliingia pale chini mbio, peku, bila kuangalia nyuma, na mlango ukafungwa. Benta hakuweza kurudi juu. Alikaa kwenye ngazi na slipa za mtoto mapajani. Alisikia sahani zikiwekwa. Alisikia Wacera akisema, "Pole pole, ni moto," na vicheko, na vicheko vyenyewe vilikuwa viwili, usiniulize alivihesabu vipi, mama hujua. Jua likashuka nyuma ya matangi ya maji. Taa za ploti zikawaka.

Saa moja akasimama, akainua mkono abishe. Kabla hajagusa mbao, komeo likasukumwa kwa ndani, taratibu, mpaka mwisho.

"Mama Sally? Ni mimi. Nimemfuata Jaki."

Vicheko vikakatika. Nyayo ndogo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Mtu alikuwa anapumua upande wa pili, chini, usawa wa kitasa. Hizo hazikuwa pumzi za Jaki. Benta alizijua pumzi za Jaki tangu siku ya kwanza.

"Hayuko," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ambayo Benta hakuwa ameisikia waziwazi tangu masika. Benta alifungua mdomo apige kelele, amwite Muoki, avunje mlango. Ndipo ndani, mbali kidogo, Jaki akaanza kuimba, kwa raha, kama anavyoimba akiwa ameshiba. Benta alisikiliza. Akakaa tena kwenye ngazi, slipa mkononi, akingoja wimbo uishe.